Nyumba ya Mlango Mmoja

Nyankumbu, Geita
Jumatano, 14 Januari 2026

Baba, shikamoo.

Mimi huku niko salama na kazi inaendelea. Natumaini wewe, Mama, Onesmo na Lusia wangu mko wazima hapo Didia, na kwamba pamba imepata palizi ya kwanza kabla mvua haijazidi.

Najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha utakaa vizuri kitini kwanza, maana katika miaka kumi na moja ya kuwa mkweo nimekuandikia mara moja tu, mwaka ule nilipopata kazi huku. Nilimwomba Onesmo akueleze yeye, akanijibu kwamba neno linalohusu zizi la baba yake halipiti kwenye mdomo wake. "Mwandikie mzee mwenyewe," akasema, "anapenda karatasi." Kukaa nawe tukazungumza haiwezekani kwa taratibu zetu, na simu ulishaikataa. Basi nimeandika.

Nataka kununua nyumba Geita. Si nyumba yenye kiwanja na ua. Ni fleti, sehemu moja ndani ya jengo la ghorofa lililojengwa na mtu mmoja wa Runzewe aitwaye Edward. Ni ndogo: sebule, chumba kimoja, jiko la kusimama mtu mmoja, na choo cha ndani. Iko ghorofa ya pili. Inauzwa na hati yake, yaani sehemu ile inaandikwa jina la mwenyewe kama kiwanja kinavyoandikwa. Nitakaa humo Jumatatu hadi Ijumaa, kama ninavyokaa sasa kwenye vyumba vya watu.

Baba, vyumba vya watu vimenichosha. Tangu nije nimehama mara nne. Wa kwanza alitaka chumba kwa ajili ya mwanawe anayeoa, wa pili akageuza nyumba kuwa gesti, wa tatu sitaki hata kumwandika. Hapa nilipo, mwezi wa kumi na mbili nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda kimesogezwa na mwenye nyumba amepanga magunia ya mchele chumbani kwangu, kwa kuwa stoo yake inavuja na ufunguo wa akiba anao. Akaniambia, "Wewe si unalala juu? Magunia yako chini." Nikacheka mbele yake. Kisha nikaenda kulia chooni, na choo chenyewe tunatumia watu kumi na wanne, hata machozi hayajakauka mtu akagonga.

Kazi yangu inataka mtu aliyelala. Wachimbaji wadogo wanaleta mifuko ya mawe alfajiri. Tunasaga, tunalifanya lile vumbi kuwa rundo, tunaligawa robo nne, tunachukua robo mbili zinazotazamana, tunachanganya na kugawa tena, mpaka kibaki cha kujaa kikombe ndipo tupime dhahabu iliyomo. Mkono wangu ukikosea robo moja, mtu anachimba shimo tupu mwaka mzima. Wewe ulipima pamba. Nadhani unanielewa kuliko Onesmo.

Ninachoomba ni neno lako juu ya ng'ombe wangu saba walio zizini kwako. Wanne niliwanunua kwa mshahara, watatu wamezaliwa hapo hapo. Nikiwauza na kuongeza akiba yangu, fleti inapatikana. Edward ananingoja mpaka mwisho wa Februari, halafu anamuuzia mwingine. Ijumaa nakuja kama kawaida, barua hii nitampa Mama akukabidhi.

Mkweo,
Rhoda


Didia
Jumatatu, 19 Januari 2026
Kumb. Na. 1/2026

Mama Lusia,

YAH: NYUMBA YA GHOROFA

Salamu zako zimepokelewa. Rejea barua yako ya tarehe 14, iliyonifikia Jumamosi kwa mkono wa Mama Onesmo ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga na inanuka vitunguu.

Simu niliikataa na naendelea kuikataa. Mtu akikupigia simu anakaa ndani ya sikio lako, na mkwe haingii sikioni. Karatasi inatosha. Nimeisoma yako mara tatu. Mwandiko wako umeharibika, sasa unaandika kama daktari, lakini hesabu ya robo nimeielewa na nimeipenda. Sisi kwenye chama cha ushirika mkulima alikuwa anaweza kutia mchanga katikati ya gunia, juu pamba safi na chini pamba safi. Tungekuwa na hizo robo zenu tungewakamata wengi.

Kabla sijasema lolote, naomba nijibiwe yafuatayo. Jengo lina milango mingapi? Nyumba yenyewe je, na kama upo wa nyuma unatokea wapi? Ngazi zina upana gani, na watu wawili wakikutana, mmoja anapisha wapi? Choo kinatazamana na nini? Mtu akikaa sebuleni anaona jikoni?

Ng'ombe wako wamenenepa. Yule mwekundu aliyevunjika pembe ana mimba, na Lusia amekwisha kumwahidi ndama jina, ila amekataa kutuambia.

Mwenye nyumba wako mwambie hivi: mtu aliyesimamia maghala miaka ishirini na sita amesema mchele ukilazwa sakafuni chumbani unashika unyevu. Amejiharibia mwenyewe.

Benjamini Masele
Karani wa Mizani (Mstaafu)


Geita
Alhamisi, 22 Januari 2026

Baba, shikamoo.

Asante kwa kunijibu, ingawa jibu sikuliona, niliona maswali. Nayajibu.

Jengo lina geti moja na mlinzi. Fleti ina mlango mmoja. Wa nyuma haupo. Nyuma kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna hewa. Ngazi sijazipima, ila majuzi nilikutana na mama aliyebeba ndoo nikalazimika kugeuka ubavu, na maji yakanipata. Choo kinatazamana na mlango wa chumba. Mtu akikaa sebuleni jikoni anaona kila kitu, hata kilichomo kwenye sufuria.

Sasa na mimi nina langu. Jumamosi nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko, nikamsikia shemeji Mwigulu akiwaambia wageni waliokuja kuangalia ndama kwamba mwanamke akishakuwa na ufunguo wake, mume anabaki na picha ya harusi. Wakacheka. Wewe ulikuwa hapo hapo umekaa kwenye kile kiti ulichotoka nacho chama cha ushirika, kiti chako cha mizani. Sikusikia ukisema kitu.

Iliniuma, Baba. Kila Ijumaa saa nane nadandia gari, nafika Didia nina tope mpaka masikioni, na kila Jumatatu naondoka kabla kuku hawajashuka. Miaka mitano. Mtu anayetaka kutoroka hafanyi safari ya kurudi zaidi ya mara mia mbili.

Naomba jibu la ng'ombe. Iwe ndiyo au hapana.

Mkweo,
Rhoda


Didia
Jumatatu, 26 Januari 2026
Kumb. Na. 2/2026

Mama Lusia,

YAH: NYUMBA YA MLANGO MMOJA

Salamu zako zimepokelewa. Majibu yako ya tarehe 22 yamekamilika, nashukuru, hasa hilo la sufuria.

Mimi nimezaliwa katika kaya ambayo baba mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hawaogi bafu moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini ili mwenzake apite. Vijana wengi wameacha. Mimi sijaacha, na wewe umeshika vizuri tangu ulipokuja, sina doa la kukutia. Na mimi nimeingia majanini kwa ajili yako mara nyingi, mengine yakiwa ya upupu. Hapa tuna nyumba tano na njia za kutosha. Huko kwenye ghorofa hakuna majani. Mkwe akishuka na baba mkwe akipanda, nani aende wapi?

Utasema basi Baba asije. Hapo ndipo penyewe. Kwetu nyumba ambayo baba wa kaya hajaingia akakaa akanywa maji haihesabiwi kuwa ya kaya. Ni nyumba ya mtu aliyehama. Mwigulu alisema kwa ubaya, na nilinyamaza kwa sababu nilitafuta la kumjibu nikakosa.

Kwa hiyo ng'ombe wabaki zizini kwa sasa.

Mwisho, kuna swali ambalo Onesmo kila nikimuuliza anaondoka kwenda kukagua kisima. Ulituaga kwa miaka miwili. Huu wa sita unaanza. Unarudi lini?

Benjamini Masele
Karani wa Mizani (Mstaafu)


Geita
Alhamisi, 29 Januari 2026

Baba, shikamoo.

Wiki hii siji. Barua hii nampa konda wa basi, ataiacha dukani hapo Didia. Ni mara ya kwanza kukosa Ijumaa bila kuumwa. Lusia mwambieni nina kazi nyingi, ambayo ni kweli, ila si sababu.

Umeuliza narudi lini. Kuacha kazi na kurudi moja kwa moja, sirudi. Mwezi wa kumi na moja nilipewa kuongoza chumba chote cha kuandaa sampuli, nikatia saini miaka mitano. Onesmo anajua. Nilimwomba anyamaze mpaka Krismasi ipite, halafu mpaka pamba ipaliliwe, halafu nikakosa tena kisingizio. Kosa ni langu, msimwonee yeye wala kisima.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Naipenda kazi yangu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hapo nyumbani. Nikija huwa nalalamika, vumbi, bosi, safari, ili nionekane nateseka, kwa sababu mke anayefanya kazi mbali anasamehewa akiwa anateseka. Siteseki, Baba. Wachimbaji wakiniona asubuhi wanasema "Mama Robo kafika," wanajipanga. Kuna mzee wa Kharumwa hakubali mfuko wake ufunguliwe mpaka nisimame mbele yake. Akipata jibu baya analipokea, kwa kuwa anajua halikuchakachuliwa. Sidhani kama kuna mahali pengine duniani neno langu lina uzito huo.

Kinachonitesa ni kulala kwenye chumba ambacho mtu mwingine ana ufunguo wake. Hicho tu.

Nilipoolewa niliukuta utaratibu wenu nikaushika wote, na hakuna aliyeniuliza kama naupenda. Leo naambiwa nikose nyumba kwa sababu ngazi haina majani. Sitaikosa. Pengo la ng'ombe nitalikopa kazini, nitakaa hapo nilipe mpaka niote mvi. Nitainunua, Baba. Mlango ni mmoja, na ufunguo utakuwa wangu.

Rhoda


Geita
Ijumaa, 6 Februari 2026

Mama, shikamoo.

Na wiki hii siji. Naandika kwako kwa sababu kwa Baba nimeishiwa la kuandika, na barua ile ya mwisho kila nikiikumbuka nakosa raha. Niliyosema nilikuwa nayamaanisha, ila nilivyoyasema ndivyo vinavyoniuma. Aliisoma? Alisema nini? Mkumbatie Lusia, na Onesmo mwambie shati la bluu liko kwenye begi la chini.

Mkopo bado haujajibiwa na siku zinakwenda. Na sasa naogopa kuna mwingine anaitaka ile fleti. Jana baada ya kazi nilikwenda kupima madirisha kwa ajili ya pazia. Napanda ngazi, karibu nifike ghorofa ya pili, nikamkuta mzee amesimama ameelekea ukuta, pua karibu iguse rangi. Pamoja na joto lote lile amevaa koti zito, jasho linamchuruzika shingoni, na mkononi ananing'iniza futi ya fundi cherehani. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Kimya. Nikadhani hasikii, nikarudia kwa sauti. Kimya, tena akazidi kujibana ukutani. Nikapita ubavu.

Mlinzi akaniambia yule mzee aliomba kufunguliwa nyumba aione, akakaa ndani muda mrefu peke yake, kisha akatoka akapima ngazi zote, moja baada ya nyingine. Serafina, mwenzangu wa maabara, anasema huyo ni mnunuzi, tena wa kulipa taslimu. Ana hela na hana salamu. Mtu mzima kabisa, Mama! Nilikasirika mpaka nikasahau vipimo vya pazia.

Mniombee.

Rhoda


Didia
Jumapili, 8 Februari 2026

Mama Lusia mwanangu,

Marahaba. Mimi kuandika nilikwisha sahau, naandika kama ninavyotia kiraka, usicheke. Lusia jino la mbele limetoka, amelirusha juu ya bati na anangoja jipya. Onesmo anakula kama aliyekatazwa chumvi.

Barua yako mzee aliisoma amesimama, kitu ambacho hafanyi. Akaikunja, akaitia mfukoni. Kesho yake akamwita Mwigulu zizini. Sikusikia walichosema, niliona tu Mwigulu anarudi anatazama miguu yake, na habari za picha za harusi zimekwisha.

Sasa nakupa mambo kama yalivyo, upange mwenyewe. Jumatano futi yangu ya cherehani ilipotea. Alhamisi alfajiri mzee alivaa viatu vya kanisani na lile koti la chama la vifungo vya shaba. Hilo koti wewe hujawahi kuliona, lilikuwa sandukuni tangu chama kilipofungwa, nalitoa mara moja kwa mwaka kulianika. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema Kahama, kutafuta dawa ya kupe. Mwanangu, dawa ya kupe inauzwa hapa Didia, duka la tatu kutoka barabarani. Alirudi Ijumaa magharibi miguu imevimba, dawa hana. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Tangu hapo amekaa kwenye kiti chake anaandika tarakimu na kuchana karatasi. Futi nimeikuta imekunjwa vizuri ndani ya mashine, mahali ambapo mimi siiweki.

Jana barua yako ikafika. Nimecheka mpaka nikaegemea mtungi. Kisha nikakuonea huruma, nikamwonea na yeye. Miaka kumi na moja mnainamishiana macho, mngetambuana vipi? Nitamsomea wakati anakula, asiwe na pa kukimbilia.

Ijumaa njoo. Ukiwa bado na hasira njoo nayo hivyo hivyo.

Mama yako,
Philomena


Didia
Ijumaa, 13 Februari 2026

Mama Lusia,

Barua hii haina namba ya kumbukumbu. Utaikuta juu ya kitanda chako ukifika.

Mama Onesmo alinisomea yako wakati nina tonge mkononi, kwa sauti, na alipofika kwenye "ana hela na hana salamu" akarudia. Tonge lilinishinda. Mzee wa ukutani ni mimi. Hela sina. Salamu ninazo, nitafika hapo.

Nilikwenda kwa sababu katika kazi yangu sikuwahi kukataa mzigo ambao sijaupandisha mizani. Na barua yako ya tarehe 29 ilinikalia vibaya. Mara ya kwanza nilisoma ukaidi. Mara ya pili nikafika pale kwa mzee wa Kharumwa asiyekubali mfuko wake ufunguliwe mpaka ufike. Nami nilikuwa na watu wa namna hiyo. Walikuwa wanatoka mbali, wanapita mizani mbili njiani, ili wapimiwe na Masele. Chama kilipofungwa nilikaa miaka miwili nikiamka saa kumi na moja bila pa kwenda, na sikumwambia mtu kwamba nalia. Nikajiuliza, hivi ndivyo ninavyotaka kumfanyia mwenzangu?

Lakini hofu haikuisha, nami nitaisema wazi kama ulivyosema wewe. Niliogopa kwamba ule mlango mmoja ni wa kutokea. Kwamba unatuacha polepole, Ijumaa moja moja, na ulipokosa kuja nikasema, ndiyo imeanza.

Mlinzi akanifungulia. Ndani hamna kitu, ila sakafuni kuna chaki. Mwandiko wako wa daktari. Umechora mahali pa kitanda. Mahali pa meza. Godoro la Lusia wakati wa likizo. Viatu vya Onesmo, hapo nilicheka, umemwekea mpaka mstari asiuvuke. Na karibu na mlango, mbele ya dirisha, mraba mdogo umeandikwa: Kiti cha Baba.

Nilisimama ndani ya ule mraba. Mgongo ukawa umeelekea jikoni, uso ukawa umeelekea barabarani. Nikanyoosha shingo huku na huku. Kutoka pale sufuria haionekani. Choo hakionekani. Mtu aliyechora pale alikaa akafikiri baba mkwe atatazama wapi. Sijui uliuchora siku gani, kabla ya kunikasirikia au baada. Hukuniandikia habari za kiti. Uliniandikia habari za ufunguo.

Nilikaa mle ndani muda mrefu, kama mlinzi alivyokuambia. Sikuwa napima.

Ngazi nilizipima wakati wa kushuka. Upana ni futi tatu na inchi nne, haziwapitishi mkwe na baba mkwe, hilo nilisema kweli. Ila pale zinapogeuka, kati ya ghorofa na ghorofa, pana uwanja wa futi saba. Pale ndipo majani yetu. Nikija nitakohoa mara mbili getini, wewe ukiwa njiani utanisubiri hapo au nitakusubiri. Kulala nitalala gesti ile niliyolala, kunguni wake si wengi. Maji nitanywea kwenye kiti, na nikishakunywa, nyumba hiyo ni ya kaya hii, na mwenye neno aje aniambie mimi. Mwigulu nilikwisha mwambia kwamba picha ya harusi anayo hata yeye, na mke wake hana ufunguo wala hana raha.

Kilichotokea ni kwamba nilibakiza ngazi nane kufika kwenye huo uwanja. Nikasikia buti zinapanda nikadhani ni mwanamume. Nilipogundua ni wewe sikuwa na pa kwenda ila ukutani. Nisamehe, nilikuona kwa pembe ya jicho. Sijawahi kukuona karibu hivyo. Una vumbi la mawe kwenye nyusi, limekufanya mzee kuliko Mama Onesmo. Unapanda umeshika ukuta, umechoka kweli. Lakini ulikuwa unaimba, chini chini, mpaka uliponiona ukaacha. Hapa nyumbani sijawahi kukusikia ukiimba.

Maamuzi ni haya. Kesho Onesmo anawatoa ng'ombe wako saba kwenda mnadani. Yule mwekundu mwenye mimba nimemwondoa, nimeweka dume langu mahali pake, kwa sababu ya ndama wa Lusia. Mkopo ufute. Hati iandikwe jina lako wewe, nimezungumza na Onesmo na safari hii hakwenda kisimani. Kiti usinunue. Naleta changu cha mizani, kitafungwa juu ya basi, miguu yake inaingia ndani ya ule mraba barabara, nimekipima niliporudi.

Lile swali la unarudi lini nalifuta. Unarudi Ijumaa.

Limebaki moja. Kule ngazini ulinisalimu mara mbili nami nikanyamaza, kwa kuwa ningefungua kinywa ungenitambua. Na barua zako zote umeanza kwa shikamoo, nami nimekujibu kikarani, kwamba salamu zimepokelewa. Si jibu hilo. Nalitoa leo, kwa zile za kwenye karatasi na hizo mbili za ngazini.

Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Marahaba.

Baba yako,
Benjamini